Kuvuta Mpira Forodhani: Jina la Bidhaa na Utajiri wa Ukanda wa Dhahabu

Muhula uliopita niliingia darasani na jozi ya katambuga niliyoinunua sokoni Kahama. Niliiweka juu ya meza, nikawauliza wanafunzi wangu swali moja tu: hiki ni nini? Wa kwanza akasema ni viatu. Wa pili akasema ni tairi. Wa tatu, mchangamfu kuliko wote, akasema ni taka iliyopata bahati. Darasa likacheka. Nikawaambia kwamba wote watatu wamesema kweli, na kwamba kila jibu lina namba yake katika daftari la forodha.

Mpira sanisi, yaani ule unaotengenezwa kiwandani kwa kemikali za petroli badala ya utomvu wa mti, ukiingizwa nchini ukiwa bado malighafi husomwa chini ya kifungu 4002. Ukishachanganywa na mpira wa asili ukafanywa tairi jipya, kifungu ni 4011. Tairi hilo likitumika na kuuzwa kama mtumba, ni 4012. Likifa kabisa na kukatwakatwa kuwa chakavu, ni 4004. Fundi wa Kahama akilichonga na kulifunga kamba, tunaiacha Sura ya 40 yote na kuhamia Sura ya 64, ile ya viatu. Mpira ni ule ule. Kilichobadilika ni jina, na kila jina lina kiwango chake cha ushuru.

Naandika makala haya kwa sababu tumezoea kudhani kwamba uainishaji wa bidhaa ni kazi ya makarani na mawakala wa forodha, jambo kavu lisilo na siasa. Historia ya ukanda wetu, kuanzia Shinyanga na Kahama hadi Geita, inatuambia vingine. Anayeipa bidhaa jina pale mpakani ndiye anayeamua nani alipe, kiasi gani, na nani asamehewe. Na taifa lisiloweza kuthibitisha jina hilo kwa vipimo vyake lenyewe huishia kugonga muhuri juu ya maneno ya watu wengine.

Hongo na asilimia tano

Tuanze na neno moja la Kiswahili. Leo ukisema hongo, kila mtu anafikiri rushwa. Lakini katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu ilipopita Ugogo na Unyamwezi kwenda na kurudi pwani, hongo ilikuwa malipo ambayo mtemi aliyatoza kwa kupitisha watu na mali katika ardhi yake. Ilipangwa kwa majadiliano, ikahesabiwa kwa marinda ya vitambaa, shanga na nyaya za shaba. Mtemi Mirambo alijijengea nguvu katika miaka ya 1870 kwa kuzishika njia hizo hizo. Kwa maana nyingine, hongo ilikuwa forodha ya bara. Ulipokuja utawala wa kigeni, haki ya watemi kutoza ikafutwa, na neno lenyewe likashushwa hadhi likawa jina la uovu. Sijui kama kuna mfano ulio wazi zaidi wa jinsi ushindi wa kisiasa unavyoweza kubadilisha jina la kodi.

Huku pwani mambo yalikuwa yakienda kwa namna yake. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Marekani. Mkataba huo uliweka ushuru wa bidhaa zinazoshushwa bandarini kuwa asilimia 5, bila tozo nyingine. Uingereza ikafuata mwaka 1839, Ufaransa mwaka 1844, kwa kiwango hicho hicho. Sultani alibaki na bendera, bandari na mizinga, lakini hakuweza tena kupandisha ushuru wake bila ridhaa ya mataifa ya mbali. Na hata hizo asilimia 5 hakuzikusanya mwenyewe. Forodha ya Zanzibar ilikodishwa kwa wafanyabiashara, na nyumba ya Jairam Shivji ndiyo iliyojulikana zaidi. Wapangaji hao walimlipa Sultani kiasi kilichokubaliwa kwa mwaka, kisha wao ndio waliohesabu marobota, wakapima pembe na kuandika daftari. Kilichozidi kilikuwa chao.

Mwezi Aprili 1888, Sultan Khalifa bin Said aliikabidhi kampuni ya Kijerumani usimamizi wa pwani ya Mrima pamoja na ukusanyaji wa ushuru wake. Maofisa wa kampuni walipofika Agosti kupandisha bendera yao na kukaa katika nyumba za forodha, Pangani ikasimama chini ya Abushiri bin Salim, na Saadani chini ya Bwana Heri. Vitabu vya shule huandika vita ile kama upinzani dhidi ya wavamizi, na ndivyo ilivyokuwa. Tusisahau tu kwamba mlango ambao mvamizi aliuingilia ulikuwa mlango wa forodha.

Mti, vita na kiwanda

Mpira ulikuwa miongoni mwa bidhaa zilizopita katika nyumba hizo za forodha. Mwanzoni ulikuwa mpira wa mwituni, uliotokana na utomvu wa mizabibu ya misitu ya kusini na kubebwa hadi Kilwa na Lindi. Baadaye walowezi wa Kijerumani wakapanda mashamba ya mpira wa Ceará, mti wa jamii ya muhogo uliotoka Brazili, hasa upande wa Tanga na Muheza. Kufikia mwaka 1913 bei ilikuwa imeanguka, kwa sababu mashamba makubwa ya Asia ya Kusini-Mashariki yalijaza soko mpira bora na wa bei ndogo. Mashamba mengi ya hapa yakaachwa yakawa vichaka.

Wakati huo huo, kule Ujerumani, mkemia Fritz Hofmann wa kampuni ya Bayer alikuwa amekwisha kupata hataza ya mpira wa kutengenezwa mwaka 1909. Kwa miaka mingi ugunduzi ule ulibaki kitu cha maabara na cha shida za vita. Kilichoubadilisha kuwa bidhaa ya dunia nzima ni mwaka 1942, Japani ilipoiteka Malaya na visiwa vya Uholanzi vya Mashariki na kuwakatia Waingereza na Wamarekani sehemu kubwa ya mpira wao. Marekani ikajenga viwanda vya mpira sanisi kwa kasi ya ajabu. Uingereza, kwa upande wake, ikakumbuka yale mashamba yaliyoachwa Tanganyika. Watu wa makoloni walikamatwa kwa amri ya utumishi wa lazima wakapelekwa kwenye mkonge, na wengine kugema mpira ule wa zamani. Hivyo tukio moja la vita lilizaa kiwanda kwa mmoja na kazi ya shuruti kwa mwingine.

Vita vilipokwisha, mpira sanisi haukurudi maabara. Ulibaki sokoni, nao ukaleta swali ambalo forodha haikulijua zamani: tutautambuaje? Kwa macho unafanana na mpira wa mti. Kwa kemia unafanana na plastiki. Muagizaji angeweza kuuita huu au ule kutegemea ushuru upi ni mdogo.

Jibu limo katika Mfumo Uwianifu wa Bidhaa, ule unaojulikana kwa herufi mbili, HS. Mkataba wake ulipitishwa Brussels mwaka 1983 ukaanza kutumika tarehe 1 Januari 1988, na leo karibu biashara yote ya dunia inasomwa kwa namba zake. Ndani ya Sura ya 40 kuna Maelezo namba 4, ambayo kila mwanafunzi wa sheria na uchumi angepaswa kuyasoma walau mara moja. Yanasema kwamba, kwa sehemu kubwa, kitu kitaitwa mpira sanisi kama kinaweza kupikwa kwa salfa kikabadilika moja kwa moja kisiyeyuke tena kwa joto. Kisha, katika joto la kati ya nyuzi 18 na 29 za Selsiasi, kivutwe hadi mara tatu ya urefu wake bila kukatika. Na kikivutwa mara mbili ya urefu wake na kuachiwa, kirudi ndani ya dakika 5 hadi urefu usiozidi mara moja na nusu ya ule wa awali. Kikishindwa, safari yake ni Sura ya 39, kwenye plastiki.

Tazama uzuri wa kanuni hii. Mataifa yenye wanasheria na wakemia wengi kuliko sisi yalikaa mezani, na mwisho wakakubaliana kwamba jina la kitu hiki halitajulikana kwa ankara wala kwa maneno ya mwenye mali. Litajulikana kwa kukivuta. Mtu anahitaji sampuli, kipimo, saa na chumba chenye joto linalojulikana. Asiye na chumba hicho anaweza kuikariri sheria yote, na bado asijue kilicho mbele yake.

Mpira ndani ya mgodi

Sasa tuupande mpira huo hadi kwetu. Dhahabu ya Geita ilichimbwa na kampuni ya kikoloni tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966. Almasi ya Mwadui ilivumbuliwa na John Williamson mwaka 1940. Lakini migodi mikubwa tunayoijua leo ni ya sura mpya: Geita ulianza uzalishaji mwaka 2000, Bulyanhulu mwaka 2001, Buzwagi mwaka 2009. Migodi hii hula mpira kuliko wengi wanavyofikiri. Magari ya kubebea miamba hutembea juu ya matairi yanayomzidi mtu mzima kwa kimo. Mikanda ya mpira hupandisha mawe kwenye vinu. Vinu vyenyewe vinaweza kuvishwa mpira ndani ili chuma kisilike, na mabomba ya mpira huvuta tope la madini usiku na mchana.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipoanza Umoja wa Forodha tarehe 1 Januari 2005, iliweka ngazi tatu za ushuru wa pamoja: sifuri kwa malighafi na mitambo, asilimia 10 kwa bidhaa zilizofikia nusu ya safari ya kiwandani, na asilimia 25 kwa bidhaa zilizokamilika. Ngazi ya nne, ya asilimia 35, iliongezwa Julai 2022. Wazo lilikuwa zuri: mwache mwenye kiwanda aingize malighafi bila ushuru, umlinde dhidi ya bidhaa iliyokwisha kutengenezwa. Mpira sanisi ambao haujafanyiwa kazi uko katika ngazi ile ya malighafi. Bahati mbaya, kiwanda cha matairi cha General Tyre pale Arusha, kilichoanzishwa mwaka 1969 na ambacho serikali ilikuwa na hisa nyingi, kilizima mitambo yake mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne hii. Ushuru wa sifuri kwa malighafi ukawa kama mlango ulioachwa wazi kwa mgeni aliyekwisha kuhama mji.

Kwa migodi mikubwa, hata hivyo, ngazi hizo hazikuwa na uzito. Utaratibu uliojengwa mwishoni mwa miaka ya 1990, sambamba na Sheria ya Madini ya mwaka 1998, uliwapa wawekezaji ushuru wa sifuri kwa vifaa na mahitaji ya mgodi hadi mwaka wa kwanza wa uzalishaji umalizike, na baada ya hapo ushuru usiozidi asilimia 5. Msomaji wangu, isome tena namba hiyo. Ni asilimia 5, ile ile ya mwaka 1833, na ikiwa na sifa ile ile: kiwango ambacho mwenye nchi ameahidi kutokipandisha. Sisemi kwamba waliokaa mezani miaka ile ya 1990 waliusoma mkataba wa Sayyid Said. Nasema tu kwamba nchi yenye haja ya mtaji na isiyo na nguvu ya kujadiliana hufika mahali pale pale, hata iwe imepita karne moja na nusu.

Yako mabishano ya jina pia. Kipande cha mpira cha kuvishia kinu, je, ni sehemu ya mtambo au ni bidhaa ya mpira? Muagizaji angependa kukiita sehemu ya mtambo, kwani mitambo kwa kawaida huingia bila ushuru. Lakini maelezo ya kisheria ya Fungu la 16 la HS yanaviondoa katika mitambo vifaa vya kiufundi vya mpira uliopikwa, usio mpira mgumu, na kuvirudisha Sura ya 40. Mwenye haki ya msamaha hana sababu kubwa ya kubishana, maana msamaha unamfunika. Anayeumia kwa jina ni asiye na msamaha.

Na huyo tunamjua. Nenda Nyarugusu, nenda Mgusu, nenda Mwakitolyo. Mchimbaji mdogo mwenye karasha moja hununua mkanda wa mota dukani, pamoja na bomba la kunyonyea maji kutoka kwenye duara na viatu vya mpira vya kuingilia humo. Ndani ya bei ile kuna ushuru wa forodha, kuna kodi ya ongezeko la thamani, kuna faida ya mwagizaji na ya mwenye duka. Haoni neno forodha popote, lakini ameilipa. Mkanda ule ule ukiagizwa na mgodi mkubwa, uliitwa hitaji la uzalishaji. Ukiagizwa na mwenye duka la Geita mjini, ulikuwa bidhaa ya biashara. Mwaka 2019 serikali iliwafutia wachimbaji wadogo kodi ya zuio ya asilimia 5 na VAT ya asilimia 18 wanapouza dhahabu yao, na Machi mwaka huo soko la madini la Geita likafunguliwa. Hatua hizo zilikuwa za haki na zilileta dhahabu nyingi kwenye mizani ya wazi. Hata hivyo, ziligusa kile anachouza. Mpira anaoununua ulibaki na majina yake ya zamani.

Aliyeshika mizani

Tumeangalia kinachoingia. Uzito wa historia hii umo zaidi katika kinachotoka, kwa sababu huko nako swali ni lile lile: ni nani anayeivuta mpira?

Mwaka 2003 serikali iliikodi kampuni ya kigeni ya Alex Stewart kukagua uzalishaji na usafirishaji wa dhahabu. Malipo yake, kama yalivyojadiliwa sana wakati ule bungeni na katika ripoti za asasi za kiraia, yalikuwa asilimia 1.9 ya thamani ya dhahabu iliyosafirishwa. Mrabaha wa taifa zima kwa dhahabu hiyo ulikuwa asilimia 3. Yaani kumlipa mtu wa kutuambia tulichonacho kuligharimu karibu theluthi mbili ya kile tulichopata. Mkataba ulikwisha mwaka 2007. Mwaka 2009 ukaundwa Wakala wa Ukaguzi wa Madini, TMAA, ili kazi ifanywe na Watanzania wenyewe. Ukilinganisha na forodha ya Zanzibar iliyokodishwa kwa Jairam Shivji, utaona tofauti moja: Sultani alikuwa akipokea kodi ya pango, sisi tulikuwa tukiilipa.

Kisha likaja jambo la makinikia. Migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi ilikuwa na shaba na fedha pamoja na dhahabu katika miamba yake. Sehemu ya dhahabu ilitoka mgodini ikiwa matofali, na sehemu ilibaki ndani ya unga mzito wa madini uliopelekwa kwenye viwanda vya kuyeyushia ng'ambo. Mapema Machi 2017 serikali ilipiga marufuku usafirishaji wake, na makontena 277 yakazuiwa. Nchi nzima ikajifunza neno jipya, makinikia, ingawa mitaani jina lililoshika lilikuwa mchanga. Na jina hilo lilifanya kazi yake ya kisiasa. Nani asiye na akili asafirishe mchanga kuvuka bahari? Lazima kuna kitu.

Kwa kweli, kitabu cha forodha kilikuwa kimelitambua tatizo hilo zamani. Kifungu 2505 cha HS kinahusu mchanga wa asili wa kila aina, isipokuwa mchanga wenye metali, ambao unapelekwa Sura ya 26, ile ya mawe ya madini na makinikia. Huko Sura ya 26 kuna swali jingine: kifungu 2603 ni makinikia ya shaba, na kifungu 2616 ni ya madini ya thamani. Kwa uzito, unga ule ni wa shaba kuliko wa dhahabu. Kwa thamani, dhahabu inaweza kuwa ndiyo bwana. Hapa jina haliwezi kutenganishwa na kipimo, na kipimo hakiwezi kutenganishwa na maabara.

Kamati ya kwanza, chini ya Profesa Abdulkarim Mruma, iliwasilisha ripoti tarehe 24 Mei 2017. Ilisema kila kontena lilikuwa na wastani wa kilo 28 za dhahabu, wakati kumbukumbu za kabla zilionyesha kiasi cha kilo 4. Kwa makontena yote 277, kamati ilikadiria wastani wa tani 7.8. Kampuni ya Acacia ilikanusha vikali. Siku ile ile Waziri wa Nishati na Madini, Profesa Sospeter Muhongo, aliondolewa. Kamati ya pili, ya Profesa Nehemiah Osoro, ikatoa ripoti ya kiuchumi na kisheria tarehe 12 Juni. Mwezi Julai Bunge likapitisha sheria mpya za rasilimali, mrabaha wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 4 hadi 6, ikaongezwa ada ya ukaguzi ya asilimia 1, na TMAA yenyewe ikafutwa. Mwezi huo huo Acacia ikapelekewa madai ya kodi, riba na adhabu ya dola bilioni 190. Septemba, mzigo wa almasi wa Mwadui ukazuiwa uwanja wa ndege wa Dar es Salaam: nyaraka zilisema dola milioni 14.8, serikali ikasema milioni 29.5.

Mwisho wa mgogoro tunaujua. Barrick iliichukua Acacia yote Septemba 2019, na tarehe 24 Januari 2020 ikasaini mkataba na serikali. Ikazaliwa kampuni ya Twiga Minerals, taifa likapata hisa ya asilimia 16 isiyolipiwa na ahadi ya mgawanyo sawa wa faida za kiuchumi. Barrick ikakubali kulipa dola milioni 300 kumaliza madai yote, na makinikia yakaruhusiwa tena kusafirishwa.

Wapo wanaosema tulishinda, wapo wanaosema tulirudi nyuma kutoka bilioni 190 hadi milioni 300. Mimi nadhani pande zote mbili zinapita kando ya somo. Kilo 4 na kilo 28 haziwezi zote kuwa kweli. Moja ni kweli, au zote mbili si kweli, na suala hilo linaweza kujibiwa na sampuli iliyogawanywa mbele ya mashahidi, ikapelekwa maabara mbili au tatu zinazoaminiwa na pande zote, na majibu yakabandikwa ukutani. Hilo halikufanyika. Tuliamini namba kwa kuangalia aliyeisema. Waliompenda Rais John Magufuli waliamini 28, waliomwogopa walinyamaza, na wawekezaji waliamini 4. Mpira haukuvutwa hadharani. Ukamalizwa mezani, kama hongo ya zamani ilivyomalizwa, kwa majadiliano ya wenye nguvu.

Mali bila daftari

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Ningependa kuongeza kwamba daftari bila mizani hujaa habari za watu wengine.

Kwa watumishi wa umma wanaosoma hapa, hasa wa Mamlaka ya Mapato, Tume ya Madini na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali, nina maombi mawili. La kwanza, uamuzi wa uainishaji uchapishwe. Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inampa mfanyabiashara njia ya kupinga uamuzi wa forodha, na mabishano hufika kwenye Bodi na Baraza la Rufani za Kodi. Lakini mengi huishia kaunta, kati ya ofisa na wakala. Mwenye duka la mikanda Kahama angejua kifungu cha mzigo wake kabla meli haijafika, angepunguza siku za bandarini na bahasha za mezani. Giza la majina ndiko hongo ya kisasa inakozaliwa. La pili, vipimo viletwe karibu na machimbo na vifunguliwe kwa umma. Mwanza kuna kiwanda cha kusafisha dhahabu tangu mwaka 2021, na Geita kipo kingine. Kila palipo na tanuru pawe na maabara ambayo majibu yake mchimbaji mdogo na kampuni kubwa wote wanaweza kuyaomba na kuyapinga.

Kwa wanaharakati, nawasihi tusitosheke na kelele za mikataba. Orodha ya misamaha ya ushuru husema mengi kuhusu nani anapendwa na dola kuliko hotuba yoyote. Isomeni bidhaa kwa bidhaa, kifungu kwa kifungu, kisha mwulizeni mwenye karasha wa Nyarugusu alinunua mkanda wake kwa bei gani.

Na kwa wanafunzi wangu: ile jozi ya katambuga ningali nayo ofisini. Mmoja wenu aliniuliza mwisho wa kipindi kama kuna jibu moja sahihi. Lipo, kwa kila hatua ya safari ya mpira ule. Kazi yenu, mtakapokaa kwenye viti vya maamuzi, ni kuhakikisha kwamba anayelitaja jibu hilo ameushika mpira kwa mikono yake, ameuvuta, na ameiangalia saa.